Prefe mpya katika shule ya Kikristo ya elimu ya kale, Lubumbashi: mwongozo kamili wa mwaka wa kwanza

Mwongozo huu ni wa prefe, yaani mtu aliyeitwa kuongoza shule ya sekondari ya Kikristo hapa Lubumbashi, hasa ile inayoshika elimu ya kale: Kilatini, sarufi, mantiki, balagha (sanaa ya kusema vizuri na kwa ushawishi) na falsafa, huku Maandiko yakisomwa bega kwa bega na masomo hayo. Utamfaa pia direktere wa shule ya msingi, na vilevile komite ya wazazi au baraza la kanisa linalojiandaa kumpokea mgeni wake. Ninachokisisitiza ni kimoja: prefe mpya ajulikane kwanza kama mwalimu. Muhuri na ofisi vinampa cheo tu. Katika shule ya namna hii, watu watamsikiliza kwa sababu wamemwona akishika chaki.

Kwanza maneno machache kuhusu elimu yenyewe, maana utaulizwa. Wazee wa kale walihesabu sanaa saba. Tatu ni za lugha: sarufi, mantiki na balagha. Nne ni za hesabu: hesabu yenyewe, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Kuna watakaokuambia kwamba hiyo ni mali ya Wazungu. Wajibu kwa upole, kwa historia. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji ambao leo uko Algeria, akafundisha balagha Karthago, Roma na Milano kabla ya kubatizwa mwaka 387. Origene aliongoza shule ya Wakristo wa Aleksandria, Misri, mwanzoni mwa karne ya 3. Waafrika walikuwa walimu wa elimu hii kabla Ubelgiji haijawa nchi.

Kwa siku zetu, shule za Kikristo za kiklasiki zilianza kuongezeka Marekani tangu miaka ya 1980 na 1990. Nyingi zinarejea hotuba ambayo Dorothy Sayers aliitoa Oxford mwaka 1947, akizipanga sanaa tatu za lugha kulingana na umri wa mtoto. Sisi Kongo tuna njia yetu ya kufika hapo hapo: chaguo la Latini-Filo (Kilatini na falsafa) limo katika programu ya taifa na linamfikisha mtoto kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na diploma ya serikali. Hivyo hutakiwi kubuni shule mpya. Unatakiwa kuitendea haki ile ambayo sheria imekwisha kuitambua.

Hatua ya kwanza: kabla ya kusaini, jua shule ni ya nani

Mwaka 1974 serikali ilizichukua shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ikasaini mkataba na makanisa na kuyarudishia uendeshaji, lakini programu, ukaguzi na mishahara vikabaki mikononi mwa serikali. Hizo ndizo shule tunazoziita konvensione. Prefe wa konvensione anawajibika pande mbili: kordinasio, yaani ofisi ya kanisa lake inayosimamia shule, inampendekeza na kumfuatilia, na inspekta wa serikali anaingia darasani mwake. Katika shule ya binafsi, mwajiri ni promotere, ambaye anaweza kuwa mtu mmoja, familia, parokia au shirika la wazazi, ila naye hawezi kufanya kazi bila arete, yaani hati ya kibali ya wizara. Sheria inayozibeba zote ni ile namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014. Itafute, uisome yote, uiweke mezani.

Omba kuiona arete kwa macho yako, na uangalie kila chaguo kivyake. Shule inaweza kuwa na kibali cha Pedagojia na cha Komersiali, huku Latini-Filo ikiendeshwa kwa matumaini. Hapo wanaoumia ni watoto wa mwaka wa mwisho: wanasoma mwaka mzima, halafu inabidi waandikishwe Exetat kupitia shule nyingine, kama itawapokea. Usikubali jibu la "iko Kinshasa, inakuja." Omba nakala.

Kisha uliza maswali haya, na uombe majibu yawe kwenye barua. Nani anaajiri na kuachisha walimu? Nani anasaini benki? Nani ana neno la mwisho juu ya kupokea mwanafunzi? Nikimfukuza mtoto kwa kosa kubwa, nani anaweza kuubatilisha uamuzi wangu? Nikihitilafiana na mchungaji, nani atatuamua? Swali hili la mwisho linaonekana la kukosa adabu, lakini liulize. Baraza lenye busara litakushukuru kwa sababu nalo lina hofu hiyo hiyo. Linalokasirika limekujibu.

Zungumzia pia mshahara wako: unalipwa kwa faranga au kwa dola, tarehe gani, na wakati wa likizo kubwa unalipwa au hulipwi. Mtumishi wa Mungu naye analipa kodi ya nyumba.

Hatua ya pili: makabidhiano

Makabidhiano, remizi-reprizi kama wengi tunavyosema, yafanyike mwezi wa 7 au wa 8, kabla ya wazazi kuanza kujaa uani kwa ajili ya kuandikisha watoto. Wawepo watu wanne angalau: prefe anayeondoka, wewe, mjumbe wa mwajiri, na mtu wa komite ya wazazi. Kila kitu kiandikwe, kila ukurasa utiwe saini.

Muhuri na funguo kila mtu anavikumbuka. Vinavyosahaulika ndivyo vizito zaidi: rejista ya matrikuli (uandikishaji wa wanafunzi), palmaresi (orodha za matokeo) za miaka iliyopita, madaftari ya pointi, faili za watoto watakaofanya Exetat, barua za wakaguzi, madeni ya shule kwa fundi au kwa duka la karatasi, na mishahara ambayo walimu wanadai. Linganisha majina ya walimu walio kwenye orodha ya malipo ya serikali, ile ya DINACOPE, ofisi ya mishahara ya walimu iliyochukua nafasi ya SECOPE, na walimu unaowaona kwa macho. Utakuta mwalimu anayefundisha miaka mingi bila kulipwa na serikali, anaishi kwa primi, yaani mchango wa wazazi, peke yake. Andika jina lake kwenye daftari lako. Utamhitaji, naye anakuhitaji.

Fungua kila droo. Karibu katika kila shule kuna droo moja yenye buletini (karatasi za matokeo ya watoto) ambazo hazikutolewa kwa sababu mzazi hakumaliza kulipa. Zihesabu. Angalia majina na miaka. Mtoto ambaye buletini yake imelala humo kwa miaka miwili pengine ameacha masomo, au anauza maji soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Usizitoe siku hiyo, maana hujajua habari zote, lakini hakikisha idadi yake imo katika hati ya makabidhiano.

Prefe anayeondoka mheshimu, hata kama amefukuzwa. Mwombe saa moja ya peke yenu, bila karatasi. Muulize: "Papa, ungebaki mwaka mmoja zaidi, ungeanza na nini?" Jibu lake litakuonyesha jeraha la shule lilipo.

Hatua ya tatu: sikiliza kwa mpangilio

Prefe wengi wanaanza kwa mkutano mkubwa na hotuba ya mipango. Ningependa usifanye hivyo. Siku ya kwanza salimu, sali pamoja na watu, sema jina lako na ulikotoka, kaa chini. Hotuba itakuwa na maana ukishajua unazungumza na nani.

Wa kwanza kuonana naye ni sentinele, mlinzi wa geti. Anajua nani anafika mapema, nani anatoka kabla ya saa, mzazi gani anakuja akilia, na gari la nani linaingia usiku. Halafu sekretari na ekonome, mtunza fedha wa shule. Halafu walimu, mmoja mmoja, kila mtu robo saa au zaidi, ukiwauliza wote maswali yale yale: unafundisha nini, unapenda nini hapa, nini kinakuchosha, ungependa nikuache nacho nini bila kukigusa. Hilo la mwisho lina thamani kubwa. Mwalimu akijua kwamba hutamnyang'anya kitu chake, anafungua moyo.

Mwalimu wa Kilatini, kama yupo, mara nyingi ni mzee aliyesoma kwa wamisionari au seminari. Usimwite ofisini, mfuate darasani. Mwambie: "Papa mwalimu, mimi ni mgeni. Naomba Jumatano nikae nyuma ya darasa lako, nione watoto wanavyokuelewa. Siandiki ripoti." Na kweli usiandike. Ukikuta madaftari yake ya zamani yenye mazoezi ya mkono, muombe ruhusa yapigwe picha na kuhifadhiwa. Vitabu vya Kilatini ni adimu mjini, na daftari la mzee huyo linaweza kuwa maktaba nzima ya somo hilo.

Baada ya walimu nenda kwa komite ya wazazi, kisha kwa mchungaji au padri, kisha kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wanafunzi waulize swali moja tu: ni somo gani la mwaka jana bado mnalikumbuka, na kwa nini. Jibu litakupa majina ya walimu wako bora, na huenda yakawa tofauti na yale ya komite.

Hatua ya nne: chukua darasa

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la prefe ni saa za kufundisha. Chukua somo moja lenye saa mbili au tatu kwa wiki, liandike kwenye ratiba kama la mwalimu yeyote, andaa fishi ya maandalizi, jaza jurnali ya darasa, sahihisha kazi, toa pointi kwa tarehe. Usichague darasa la mwaka wa mwisho, hilo lina utukufu mwingi. Chukua la 7. Watoto wametoka shule ya msingi, bado wanaogopa na bado wanauliza, na utakaa nao miaka sita. Ukiweza, wape Kilatini cha kuanzia katika saa za ziada, bila kupunguza hata saa moja ya programu ya taifa.

Walimu watakutazama. Ukichelewa, umewapa ruhusa ya kuchelewa. Ukifika na fishi iliyoandikwa kwa mkono wako, siku utakapowadai fishi hakuna atakayenung'unika.

Somo la kwanza linaweza kwenda hivi. Andika ubaoni *puer bonus, pueri boni*, na chini yake *puella bona, puellae bonae*. Usieleze kitu. Muulize mtoto kwa Kiswahili: tunasemaje kuhusu mtoto mmoja, na kuhusu wengi? Atakujibu kwa Kiswahili cha nyumbani: *mutoto muzuri, batoto bazuri*. Andika na hayo, halafu *kitabu kizuri, vitabu vizuri*. Nyamaza kidogo. Kuna mmoja ataona kwamba neno la sifa linafuata jina linakokwenda, huku na kule. Mtoto wa Katuba, mtaa wa hapa mjini, anaingia sarufi ya Kilatini kwa mlango wa lugha ya mama yake. Sheria ya 2014 inaruhusu lugha za taifa ziwe chombo cha kufundishia, kwa hiyo usione haya kukitumia Kiswahili, hata kama ofisini mnaandikiana kwa Kifaransa.

Wiki inayofuata andika *magister discipulum laudat*, yaani mwalimu anamsifu mwanafunzi. Geuza maneno: *discipulum magister laudat*. Nani anasifu sasa? Wengi watasema mwanafunzi. Waonyeshe ule mwisho wa *-um*, waache wabishane. Kiswahili chetu kinategemea sana mahali neno lilipokaa, Kilatini kinategemea mwisho wa neno, na mtoto anaanza kuelewa kwamba maana ina mahali inapojificha.

Kisha leta Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 4, mstari wa 8: *Deus caritas est*. Mungu ni upendo. Uliza: basi tunaweza kusema pia kwamba upendo ni Mungu? Hapa sarufi imefungua mlango wa mantiki. Wape mfano wa karibu: kila mwalimu ni mtu, je, kila mtu ni mwalimu? Watacheka, watakataa, na kutoka hapo watarudi kwenye mstari wa Yohana kwa makini ambayo mahubiri pekee hayakuwapa. Saa moja imebeba sarufi, mantiki na imani, na hakuna kilichobandikwa kwa gundi. Hiyo ndiyo sura ya shule unayoiongoza, na ni bora uwe umeifanya mwenyewe kabla ya kuieleza kwenye mkutano.

Ukishaonja somo hili utaelewa jinsi ya kuyatazama madarasa mengine. Katika miaka sita ya shule ya msingi mtoto anapenda kukariri na kuimba. Mpe zaburi, jedwali la kuzidisha, mito na majimbo ya nchi, nyimbo zenye tarehe. Katika la 7 na la 8 anapenda kubisha. Usimzibe mdomo, mfundishe kubisha kwa haki: aseme hoja ya mwenzake vizuri kabla ya kuijibu. Katika miaka minne ya humanite, ile ya mwisho ya sekondari, anatafuta sauti yake. Huo ni wakati wa balagha, na wazee waliigawa kazi yake mara tano: kutafuta hoja, kuzipanga, kuzivika maneno, kuzishika akilini, kuzitamka. Kila mwanafunzi wa humanite asimame mbele ya wenzake angalau mara moja kila muhula, dakika tano, bila karatasi. Wenye aibu waanze kwa kusoma, wasichekwe.

Mzazi anayeogopa kwamba haya yanampotezea mtoto Exetat, mkumbushe kwamba kabla ya siku nne za session, yaani mtihani wenyewe, kuna majaribio ya hors-session yanayotangulia, na humo mna dissertation, yaani insha ya hoja. Kijana aliyezoea kutafuta hoja na kuzipanga hababaiki mbele ya karatasi tupu.

Hatua ya tano: minervali, yaani ada ya shule

Hapa ndipo prefe wengi wazuri wamevunjika. Ninakuomba ushike sheria moja isiyo na msamaha: usipokee pesa kwa mkono wako, hata faranga mia, hata kwa jirani aliyechelewa benki. Mzazi alipe benki au kwa ekonome, apewe risiti yenye namba, na ekonome apeleke fedha benki siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Kutoa pesa kuhitaji saini mbili. Kila mwisho wa mwezi kaa na ekonome mlinganishe vitabu vitatu: risiti, karatasi za benki, orodha ya wanafunzi. Kila muhula komite ya wazazi ione karatasi moja, iliyoandikwa kwa lugha nyepesi, ya kilichoingia na kilichotoka.

Wazazi wengi wanachanganya mambo, kwa hiyo waeleze bila kuchoka. Shule ya msingi ya umma, pamoja na ya konvensione, ni ya bure tangu mwaka wa masomo 2019-2020, kwa kufuata kifungu cha 43 cha Katiba. Sekondari haimo katika uamuzi huo, na shule ya binafsi haimo. Mama mwenye watoto wawili, mmoja la 5 katika shule ya umma na mwingine la 8 kwako, ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo kwa heshima.

Tatizo la kutolipa ni la zamani. Augustino mwenyewe anasimulia kwamba alipohamia Roma aliambiwa jinsi wanafunzi wanavyopanga njama ya kumhama mwalimu ghafla, wote pamoja, ili wasimlipe. Lakini ona kwamba pale Roma mdeni alikuwa mwanafunzi mkubwa aliyeshika pesa yake. Kwetu mdeni ni mzazi, na anayesimamishwa mbele ya wenzake na kurudishwa nyumbani ni mtoto. Nasema wazi kwamba shule inayosali asubuhi na saa nne inasoma majina ya wadeni darasani imejikana. Fanya hivi badala yake. Barua iende kwa mzazi ndani ya bahasha iliyofungwa. Mzazi aitwe, akae, apewe kiti. Mkubaliane ratiba ya malipo kwa kiasi anachoweza, isainiwe na pande zote mbili. Akivunja ratiba mara ya kwanza aitwe tena, mara ya pili komite iingie. Kwa familia zilizofiwa au zilizopoteza kazi, mwombe mwajiri aweke mfuko mdogo wenye kanuni zilizoandikwa, ili msaada usiwe zawadi ya prefe kwa marafiki zake.

Na zile buletini za kwenye droo? Mwishoni mwa muhula wa kwanza zipeleke kwenye komite pamoja na orodha, na utafute njia ya kuwarudishia watoto karatasi zao, deni likibaki kwa mzazi kwa makubaliano mapya.

Upande wa pili wa minervali ni mshahara wa walimu. Pesa ikiingia, mwalimu alipwe kabla ya rangi ya ukuta na kabla ya sherehe.

Hatua ya sita: watoto wawe salama

Nidhamu ya shule za kale inasifiwa sana, na kwa jina lake yamefanyika maovu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili, na sheria hiyo haisimami getini mwa shule ya kanisa. Wiki ya kwanza kusanya fimbo zote. Waeleze walimu adhabu zinazokubalika: kuandika, kurekebisha alichoharibu, kubaki baada ya saa huku mzazi akijua, kufagia ua mchana watu wakiona. Direktere wa nidhamu awe na daftari la kila adhabu, nawe ulisome kila Ijumaa.

Kuna jambo ambalo makanisa yetu hupenda kulifunika. Mwalimu anayemtaka msichana kwa ajili ya pointi yupo katika miji yetu yote, na yupo katika shule zenye msalaba ukutani. Usisubiri limpate mtoto. Hakuna mwalimu kubaki na mwanafunzi mmoja ndani ya chumba kilichofungwa. Hakuna kozi ya ziada nyumbani kwa mwalimu. Karatasi ya mtihani ikilalamikiwa, isahihishwe na mwalimu wa pili. Wachagueni mama wawili, mmoja mwalimu na mmoja mzazi, ambao wasichana wanajua wanaweza kuwaendea. Malalamiko yakija, mwalimu asimamishwe kufundisha wakati wa uchunguzi, mzazi aambiwe siku hiyo hiyo, na kosa la jinai lipelekwe kwenye vyombo vya sheria. Watakuja watu wazima wakikuomba "tumalize kifamilia, kwa maombi." Maombi yaendelee, na faili liende.

Ibada ya asubuhi iwe fupi: bendera, wimbo wa taifa, somo moja, sala. Dakika kumi na tano zinatosha. Zamu ya kusoma wapewe watoto.

Kwa jumuiya inayompokea

Mtangazeni siku ya Jumapili kanisani na tena mbele ya wanafunzi, ili cheo chake kisitegemee uvumi. Mtafutieni nyumba kabla hajafika, au mwambieni mapema kwamba hakuna. Mshahara wake wa kwanza usichelewe, hata kama yenu imechelewa. Msimfuate usiku nyumbani kumwombea mtoto wa ndugu nafasi au pointi. Mkewe au mumewe asigeuzwe mfanyakazi wa shule asiye na malipo. Na kama prefe wa zamani bado anaishi mjini, mialiko ya sherehe imfikie naye, maana walimu wanasoma katika jambo hilo namna watakavyotendewa wao siku yao ikifika.

Hatua ya saba: badilisha kitu kimoja

Muhula wa kwanza usibadilishe programu, sare wala ratiba. Marekebisho ya pesa na ya usalama wa watoto yanaanza siku ya kwanza, hayo hayasubiri. Mengine yote yasubiri mwezi wa 1.

Wakati wa likizo ya Noeli soma daftari lako la mazungumzo. Utaona jambo moja limetajwa na sentinele, na mwalimu, na mzazi. Anza na hilo, hata kama ni dogo kuliko ndoto yako. Pengine ni maktaba yenye kabati lililofungwa na ufunguo umepotea. Pengine ni watoto wa zamu ya mchana wanaofika wamechoka, hawajala tangu asubuhi, na Kilatini kimewekwa saa ya mwisho. Pengine walimu wa Kifaransa na wa Kilatini hawajawahi kukaa meza moja kulinganisha majina wanayotumia kwa sehemu za sentensi, na mtoto anafundishwa kitu kimoja kwa majina mawili.

Andika ukurasa mmoja: tatizo, unachopendekeza, gharama, nani atafanya, tutajuaje mwezi wa 6 kama kimefaa. Wape walimu kwanza, wiki nzima, waukosoe kwa kalamu. Kisha komite, kisha mwajiri. Ukikataliwa, uliza ni sehemu gani imekataliwa, gharama au wazo lenyewe, na ulete ukurasa wa pili mwezi unaofuata. Ukikubaliwa, mtaje aliyelisema kwanza, hasa akiwa ni sentinele.

Mwisho wa mwezi wa 2, mwombe mwalimu mmoja unayemwamini aje akae nyuma ya darasa lako la 7 saa nzima, na akuambie aliyoyaona.